Rosanda na Zizi Kuukuu la Wifi Yake

Rosanda wa Suvodo alikuwa mwanamke wa kugombana na mawingu, na si kwa kunong'ona. Wingu likichomoza nyuma ya kilele mchana wa kiangazi, alitoka mlangoni na ndoo mkononi, akalitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia bustanini, akalipigia kelele: "Wewe! Pita huko huko. Hapa huna chako!" Wageni waliopanda mlima kwa matembezi walicheka. Wenyeji hawakucheka, maana walijua mawingu yale yalishamfanyia nini.

Hakuzaliwa mlimani. Kwao ni bonde la Zeta, kwenye joto, mizabibu na tini. Akaolewa na Milisav, mfugaji ambaye kila mwaka, theluji ikishapungua, alipandisha kondoo wake hadi kambi ya Suvodo, juu kabisa ya mlima Sinjajevina, na kukaa huko mpaka baridi imfukuze. Siku Rosanda alipofika akiwa bibi harusi mwenye viatu vya kisigino, dada mkubwa wa Milisav, Gospava, alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema mbele ya watu wote: "Huyu? Huyu hamalizi kiangazi."

"Nitakimaliza hiki, wifi," Rosanda akamjibu, "na chako nitakumalizia."

Viangazi vikapita, Rosanda akaota mvi, na jibini lake likawa linaulizwa mpaka mjini Mojkovac. Gospava bado alimwita bibi harusi. Huko ni desturi, mke aliyekuja ukooni huitwa hivyo hata akiwa na wajukuu, lakini Gospava alilitamka kwa namna yake, kama mtu anayetema kokwa.

Gospava mwenyewe hakuolewa. Baba yake kabla hajafa alimfanyia jambo ambalo akina baba wa mlimani hawawafanyii mabinti: alimpa ardhi. Kipande kidogo tu, zizi kuukuu lililoko nyuma ya nyumba ya Milisav, ambamo kondoo wa ukoo walilala tangu enzi za babu wa babu. Sasa kondoo walikuwa na zizi lingine ng'ambo ya kilima. Hapa palibaki ukuta wa mawe ulioangukaanguka, magugu ya majani mapana yanayofika kiunoni, na mawe bapa ambayo zamani kondoo walikuwa wakiwekewa chumvi walambe. Milisav hakulipinga neno la baba yake, ila hakulikubali pia. Ukimuuliza zizi ni la nani, alikohoa. Mwaka mmoja Rosanda alipeleka jembe apande viazi humo, na Gospava akatoka na fimbo. "Leo viazi, kesho uzio, keshokutwa mseme baba hakunipa kitu!" Viazi havikupandwa.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yalienda vizuri tu mpaka sola ilipofika.

Ambaye hajawahi kushusha malai mlimani juani, akaona yanavyogeuka uchachu njiani, asimcheke Rosanda kwa jinsi alivyolipenda friji lake. Paneli zilisimamishwa kando ya nyumba, betri zikapangwa kwenye chumba cha maziwa, na ukutani ikatundikwa inveta, lile boksi linaloubadili umeme wa betri mpaka uweze kuendesha friji. Rosanda alilifuta vumbi asubuhi na jioni. Alilisalimia. Gospava alipita akasema radi haipendi vitu vinavyometameta, akaenda kuwasha mshumaa wake wa maombi.

Kiangazi hichohicho radi ikapiga karibu, na inveta ikatoa moshi mweusi kama wa jiko la shetani. Fundi Vojin akapanda kutoka mjini akaiangalia, akasema mfumo hauna waya wa ardhi. Radi lazima ipewe njia ya kwenda chini, kwenye mahali penye unyevu, la sivyo inajitafutia yenyewe njia ndani ya vyombo vyako. Akaacha bonge la waya wa shaba. "Tafuta mahali penye unyevu," akamwambia, "nikirudi tutaufukia."

Rosanda angemngoja? Rosanda hajawahi kumngoja mtu. Na mahali alipajua. Suvodo yote ni mwamba wa chokaa, haina kijito wala kisima, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye nyufa kabla hujageuka. Watu wa huko huishi kwa shimo la theluji: ufa mrefu mwambani unaojaa theluji majira ya baridi, nao huifunika kwa majani makavu, na kiangazi wanaikata mabonge na kuyayeyusha kwa ajili yao na mifugo. Mtu wa Suvodo ukimwambia unyevu, haoni kingine machoni pake ila shimo hilo. Rosanda akafunga ncha moja ya waya kwenye inveta, akateremka kwa ngazi na bonge lililobaki begani, akaulaza chini ya theluji, akarudi juu amelowa mpaka magotini, akatangaza kwa kila aliyepita kwamba yeye radi amemalizana naye.

Mwaka uliofuata radi ikapiga tena. Inveta mpya iliungua, betri zikapasuka, friji likafa na malai ya nusu kiangazi ndani yake. Mbwa walikula mpaka wakalala miguu juu.

Milisav si mtu wa maneno mengi. Alivua kofia yake akaitundika kwenye msumari juu ya mlango. "Nanunua vyombo vingine mara moja tu," akasema. "Vikiungua tena, nauza kondoo, tunashuka Mojkovac. Na kofia hii siivai mpaka nijue moja."

"Mojkovac ukafanye nini? Ukae dirishani utazame magari?"

"Nimesema."

Rosanda alimjua mumewe. Kofia ile ilikaa msumarini majira yote ya baridi, na kiangazi kilipoanza Milisav alichunga kondoo kichwa wazi, kipara kikiiva juani kama nyanya. Kila Rosanda alipopita chini ya ule msumari, aliikwepa kofia kwa macho. Yule aliyekuja na visigino sasa hakuwa na mahali pengine duniani anapojua kuishi. Vyombo vipya vilikuwa ukutani, vinanguruma vizuri, na hakuna aliyejua kwa nini vile vilivyotangulia viliungua ilhali waya ulikuwa mahali penye unyevu kuliko pote mlimani.

Ikafika siku ya Mtakatifu Ilija, bwana wa ngurumo. Siku hiyo mlimani hakuna anayegusa jembe wala shoka wala sindano, maana Ilija anapita juu na gari lake la moto na hapendi kuona mtu kainama kazini. Jamaa wote hupanda kula mwanakondoo na kunywa rakia, pombe kali ya matunda. Na mwaka huo, pamoja na jamaa, akapanda Fundi Vojin, na kipimo chake cha umeme mfukoni.

"Nimekuja kula," alisema, "lakini nionyeshe kwanza ulipouweka ule waya."

Rosanda akampeleka kwa mbwembwe. "Tazama! Mlima mzima umekauka koo, hapa panatiririka jasho!"

Vojin akachungulia shimoni. Akachomeka vijiti vya kipimo, akaunganisha, akabonyeza. Namba ya jinsi ardhi inavyoukataa umeme ikapanda mpaka mwisho; akakitikisa kipimo, akabonyeza tena. Kisha akakaa juu ya jiwe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuta ng'ombe juu ya paa.

"Mama Rosanda! Umeilaza radi kwenye kitanda cha barafu!"

"Barafu si maji?"

"Barafu haipitishi umeme. Na hayo yanayoyeyuka ni safi mno, hayana chumvi wala uchafu wa kuubeba, na chini yake ni jiwe tupu. Radi ikishuka kwa waya huu inabisha hodi, inakuta pamefungwa, inageuka na kurudi kwenye inveta yako."



"Kwa hiyo mlango niliufunga mimi mwenyewe," akasema Rosanda.

"Kosa langu nusu. Nilisema unyevu nikaondoka. Nilipaswa kusema uchafu! Nataka udongo mweusi, mzito, ulionyweshwa mikojo na chumvi miaka na miaka. Upo mahali hapa, au ni mawe tu?"

Rosanda akatupa jicho nyuma ya nyumba yake. Alijua ulipo. Kila mtu Suvodo alijua ulipo. "Ee Mungu wangu," akasema, "popote pale, lakini si hapo."

Nyuma ya kilele wingu lilikuwa limeshachungulia, jeupe juu, jeusi tumboni.

Wageni walikuwa mezani nje ya nyumba. Gospava alikaa peke yake juu ya ukuta wa zizi lake, amevaa nyeusi, sahani mapajani. Mbele ya kibanda chake alishasimamisha shoka, makali yakitazama juu, kama mama zao walivyofanya kulikata wingu la mvua ya mawe.

"Wifi," Rosanda alianza.

"Bibi harusi."

"Hilo shoka lako linaiita radi, siyo kuifukuza."

"Na hivyo vioo vyako vinaiimbia nyimbo za kulala? Sema ulichokuja kusema."

"Nahitaji zizi lako."

Mezani vijiko vikasimama. Gospava akaweka sahani chini taratibu. "Haya. Limetoka. Nimelingoja neno hilo tangu mazishi ya baba."

"Zizi lako baki nalo! Nataka uchafu wake tu. Fundi auzike waya humo, radi ipate pa kwenda. Vyombo vikiungua mara ya tatu tunauza kondoo. Unaona kile kipara? Unaona ile kofia?"

"Leo waya, kesho uzio."

"Uzio wa nini, mama wee! Waya ukikukera, ung'oe hata kesho, mbele yangu, nami nitakushikia taa!"

Gospava hakucheka. Akamtazama mdogo wake juu ya kichwa cha Rosanda. "Sina ugomvi na waya," akasema. "Milisav aseme zizi hili ni la nani. Asimame, mbele ya watu hawa, mdomo ukiwa hauna chakula. Asipokohoa, chimbeni."

Meza yote ikageuka. Milisav akameza tonge. Akasimama. Akapapasa kofia isiyokuwepo kichwani. Akakohoa.

Watu waliangua kicheko mpaka rakia ikamwagika.

"Ukikohoa tena nakumwagia sufuria hii!" Rosanda akapiga kelele. "Baba yako aliweza kulisema akiwa anakata roho, wewe na mapafu mazima unashindwa?"

"Si kwamba nalitaka," Milisav akasema, ameiva uso sawasawa na kipara. "Ni watu. Watasema Milisav kaiacha ardhi ikaenda kwa mwanamke."

"Watu gani? Hawa? Hawa wanakula nyama yako! Waulize kama wana la kusema!"

 Mzee mmoja alificha uso kwenye glasi.

Wingu likala jua. Kivuli kikapita juu ya meza, juu ya paneli, juu ya zizi. Milisav alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu atundike kofia akaona kitu alichokuwa hataki kukiona: wingu liko juu yake, naye anarudi nyuma. Rosanda! Ambaye alimfukuza mbwa mwitu kwa mwiko.

"Zizi kuukuu," akasema, "ni la dada yangu Gospava. Baba alimpa. Mimi sina changu humo."

"Sauti," akasema Gospava.

"ZIZI NI LA DADA YANGU! Mimi sina changu humo, wala wanangu hawana!"

Kondoo ng'ambo ya kilima wakaitika, na hilo likawachekesha watu upya. Gospava hakucheka. Alikuwa ameshika jiwe la ukuta kwa mikono miwili, na kidevu kilimcheza kama cha mtoto.

"Sasa mtaanza kulia," akaropoka Vojin, "na wingu lile halilii na mtu! Majembe!"

"Majembe leo?" yule mzee akashtuka. "Siku ya Ilija?"

Hapo wote wakaganda. Hata Rosanda. Maana kama kulikuwa na mtu mmoja mlimani ambaye hakuwahi hata kushona kifungo siku ya Ilija, na ambaye aliwatia adabu waliothubutu, ni Gospava mwenyewe. Naye ndiye mwenye zizi.

Gospava akalitazama wingu. Akalitazama shoka lake. Akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Ilija anapita leo na gari lake," akasema, "na bibi harusi wetu amemfungia mlango kwa barafu. Kumfungulia mgeni mlango si kazi. Sururu yangu nani kaiweka wapi?"

Akaikuta mwenyewe. Pigo la kwanza alipiga yeye.

Basi ikawa sherehe ndani ya sherehe! Magugu yakafyekwa, mashati ya sikukuu yakavuliwa, wanaume waliokuja kula wakachimba kama waliotumwa na jeshi. Udongo ulitoka mweusi, laini, mnene kama mashapo ya kahawa, na harufu yake iliwafanya wageni wa mjini wajizibe pua huku Vojin akiuchota kiganjani na kuunusa kama mkate. "Mnuko huu!" alikuwa akipayuka. "Mnuko huu ndio dawa!" Aliwachimbisha mitaro iliyotawanyika kama mguu wa kunguru, akaulaza waya, akausimamishia nondo za shaba pale chumvi ilipolambwa zamani, akazipiga nyundo na zikazama bila kugoma. Katika Suvodo ya mawe! Mwamba haukumjibu hata mara moja.

Akabonyeza kipimo. Akakibusu.

"Imeshuka! Mama Rosanda, namba imeshuka mpaka sijui niiseme vipi!"

"Usiiseme, funga waya!"

Kukabaki kuunganisha kila chuma na waya huo mmoja: fremu za paneli, boksi la inveta, friji, bati la paa. "Vyote vishikane mikono," Vojin alihimiza, "kimoja kikibaki peke yake, radi itakirukia hicho." Karibu na inveta alifunga kiboksi kidogo cha kukinga, ambacho umeme wa ghafla ukija kinaubeba chenyewe. Milisav alishakimbia kuwateremsha kondoo bondeni, mbali na zizi, maana Vojin aliapa kwamba radi ikizama ardhini hapo hakuna kiumbe atakayesimama karibu akabaki na hadithi. Upepo ukageuka. Kibano cha mwisho cha kushika waya kilikuwa mkononi mwa Rosanda, na spana ilikuwa inateleza kwa jasho.

"Zungusha kulia!"

"Kulia ndiyo nazungusha!"

"Hiyo ni kushoto, bibi harusi," akasema Gospava, akamshika mkono akaugeuza. Kibano kikabana.

Ngurumo ya kwanza ikabingirika nyuma ya kilele.

"Acheni kila kitu! Ndani!" Mitaro mingine ilikuwa haijafukiwa. Vojin hakutaka kusikia. Aliwasukuma wote nyumbani, akawakalisha katikati, mbali na kuta na nyaya, miguu pamoja. Milisav akaingia mwishoni akihema, kichwa kinamtiririka maji. Watu walibanana kama jibini kwenye pipa. Mvua ya mawe ikaanza kulitandika bati, na hakuna aliyeweza kusikia maombi yake mwenyewe.

Rosanda alikuwa ubavuni mwa wifi yake. Macho yake yalikuwa juu ya mlango, kwenye kofia.

Halafu dunia ikawa nyeupe.

Hakukuwa na nafasi kati ya mwanga na mlipuko. Sahani ziliruka rafuni. Mtu alimwita mama yake. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika, na masikio ya wote yakajaa mlio mmoja mwembamba. Harufu ya kuungua ikaingia kwa chini ya mlango.

 Milisav alifumba macho.

Rosanda alisimama. Vojin alimvuta sketi, akamponyoka. Akafika mlango wa chumba cha maziwa, akasimama pale mbali na ukuta, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mvua ya mawe ilikuwa inapungua. Na katikati ya huko kupungua, kwa chini, kwa ukaidi, kitu kikasema: nguuuuu.

"Linanguruma," akasema. Kisha akapiga yowe ambalo wengine wanasema walilisikia kambi ya pili. "LINANGURUMA! Friji linanguruma, jamani! Linanguruma!"

Inveta ilikuwa inawaka taa yake ya kijani. Taa ya dari ndiyo peke yake iliyokufa, pamoja na kile kiboksi cha kukinga, ambacho kidirisha chake kiligeuka chekundu. "Huyo amekufa akiwa kazini," Vojin alisema akikipigapiga mgongo. "Nitamletea mrithi wake." Lakini nani alikuwa anamsikiliza? Watu walishashikana mikono wakicheza duara, mle mle ndani, wakikanyagana, yule mzee katikati na glasi yake. Milisav alipita katikati yao kama asiyewaona. Akanyoosha mkono juu ya mlango, akaitoa kofia msumarini, akaipuliza vumbi la mwaka mzima, akaivaa. Kisha akatoka kwenda kuwaangalia kondoo, kama siku yoyote.

Ngurumo zilipokuwa zimekwenda mbali kabisa, Rosanda alikwenda zizini. Mvua ya mawe ilikuwa imetanda nyeupe kila mahali, ila palipolazwa waya ardhi ilikuwa inatoa mvuke, na magugu yaliyosalia pembeni yalikuwa yameungua ncha. Gospava alikuwa amefika kabla yake, kwa kawaida yake. Alikuwa anaokota mawe yaliyoanguka na kuyarudisha ukutani, moja juu ya jingine.

"Umeniunguzia majani, bibi harusi."

"Yataota, wifi. Mbolea unayo."

Gospava akapachika jiwe, akalitikisa, likatulia. "Hilo friji lako lina nafasi ya jibini langu?"

"Rafu ya chini."

"Ya juu."

"Haya, ya juu. Ila hilo shoka ukaliingize ndani."

"Shoka linakaa," akasema Gospava, akainama kuokota jiwe jingine, na Rosanda akainama upande wa pili akalishika naye, maana lilikuwa kubwa.

Kiangazi kilichofuata walikuwa Suvodo, na kilichokifuata hicho pia. Wingu likichomoza, Rosanda bado hutoka na ndoo yake na kupiga kelele, isipokuwa maneno amebadilisha. "Wewe!" huliambia. "Usinibishie hodi mimi. Zunguka nyuma, kwa wifi yangu. Kwake ndiko kuna njia!"